Hesabu za kikundi cha akiba: kaunta buku, kitochi au simu janja?

Jumapili moja nikitoka ibadani, akina mama watatu wanaouza ndizi Soko la Mbuyuni hapa Moshi walinisimamisha njiani. Kikundi chao cha akiba kilikuwa kimemaliza mzunguko wa pili bila ugomvi, na walikuwa wamebakiza hela kidogo ambayo hawakugawana. "Dada katibu," akasema mkubwa wao, "tununue simu janja ya kikundi au tubaki na daftari?" Kumbe kijana wa mwenyekiti alikuwa ameshawaambia kwamba zama hizi hakuna anayeandika hesabu kwa kalamu.

Mimi ni katibu wa kikundi, huu mwaka wa saba. Tumeanza na daftari, tukaongeza kitochi, ile simu ndogo ya kubonyeza, tukajaribu simu janja, kisha tukarudi nyuma hatua moja. Jibu nilikuwa nalo, ila pale barabarani halikutosha kwa sababu mmoja wao bodaboda ilikuwa inamsubiri. Jibu lenyewe ni hili.

Ninalinganisha kwa swali moja ambalo muuza simu hatakuuliza: siku hela ikipungua, ni nani kati ya wanachama anaweza kukagua kwa macho yake mwenyewe? Simsemi katibu wala kijana wa mwenyekiti. Nina maana ya bibi mmoja wa kwetu aliyeishia darasa la nne, miwani yake imefungwa kwa uzi, na hisa zake ni nyingi kuliko zangu mimi niliyesoma.

Kaunta buku na sanduku la kufuli tatu

Kaunta buku ya kwaya tatu haihitaji chaji, haijui mgao wa umeme, na ukiiangusha unaiokota. Utaratibu wa hisa na sanduku wengi mnaufahamu: kila wiki mnanunua hisa, hela inaingia sandukuni, mnakopeshana kwa riba, na mwisho wa mzunguko mnagawana. Ulianzia Niger mwaka 1991 kwa akina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa Afrika, na VICOBA zetu, yaani benki za jamii za vijijini, ni ndugu zake. Na sisi wa Kilimanjaro vitabu vya pamoja si vigeni kwetu: KNCU, muungano wa ushirika wa wakulima wa kahawa, ilianzishwa 1933, na babu zetu walipima kahawa chamani wakiondoka na kikaratasi walichokitunza kuliko shati la Jumapili.

Nguvu ya daftari iko kwenye sauti. Katibu anasoma, mweka hazina anahesabu noti, kila mwanachama anafungua kitabu chake kidogo. Hisa moja, muhuri mmoja. Bibi yule hahitaji kusoma neno hata moja. Anaweka kidole juu ya mihuri, anahesabu, na akifika kumi na saba wakati mimi nimetaja kumi na sita, kikao kinasimama. Hakuna programu niliyowahi kuiona inayompa mtu wa namna yake mamlaka hayo.

Udhaifu wake tuliujua kwa machozi. Mwanachama mmoja alikopa 240,000 kwa riba ya asilimia 10, arejeshe kwa miezi mitatu: jumla 264,000, yaani 88,000 kila mwezi. Rejesho la pili liliangukia Aprili, masika inapiga bati, sisi tumebanana barazani, karatasi ina unyevu na wino unatambaa. Nikaandika 88,000. Mwezi uliofuata mweka hazina akasoma 38,000. Tulibishana saa nzima juu ya tumbo la namba nane, shilingi 50,000 zikiwa hewani, na mama wa watu ameshaanza kulia kwamba anaitwa mwizi. Kilichomwokoa ni kitabu chake kidogo, ambacho siku ile nilikiandika nikiwa nimekaa vizuri zaidi. Tangu hapo kila kiasi tunakiandika kwa tarakimu na kwa maneno, kama hundi. Hakitugharimu kitu isipokuwa wino.

Tatizo la pili la daftari ni kwamba liko moja tu. Likiungua au likiliwa na panya, limekwenda na historia yenu yote. La tatu si la daftari bali la jirani yake, sanduku. Pigeni hesabu: watu 25, hisa shilingi 2,000, mwisho hisa tano kwa wiki. Wakinunua zote kwa wiki 48 ni milioni 12. Nyingi ziko nje kwa wakopaji, sawa, lakini kuanzia Novemba mikopo inarudi na sanduku linanenepa chini ya kitanda cha mtu. Kufuli tatu zinamzuia mwanachama asifungue peke yake. Hazimzuii mwizi kubeba sanduku zima begani.

Kitochi

Watu wakisema teknolojia ya habari imefika nchi maskini, picha inayotolewa ni ya mtoto na kompyuta. Kwetu ilifikia mfuko wa kanga, ndani ya simu yenye tochi kichwani na betri ya siku nne. Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 iliuzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani, na tochi yake ilikuwa na kazi kuliko kitu kingine chochote. Simu za namna hiyo tunaziita kitochi mpaka leo.

Historia ya hela kwenye simu ina somo kwa vikundi. M-Pesa ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 kwa ajili ya watu kurejesha mikopo midogo ya vikundi. Wakopaji wakaigeuza: wakaanza kutumiana hela wao kwa wao. Kuoanisha hesabu za simu na hesabu za vikundi kukawa kazi ngumu, na taasisi ya mikopo ikawa na wasiwasi kwamba watu wakilipia nyumbani hawatakuja vikaoni. Ilipozinduliwa rasmi 2007, ilizinduliwa kama njia ya kutuma hela. Vodacom wakaileta Tanzania 2008. Kwa maneno mengine, kitu cha kwanza simu ilichoshindwa kukibeba vizuri ni hiki hiki tunachotaka kukiweka humo.

Hata hivyo kitochi kina mambo mawili ambayo daftari halina. Kwanza, menyu ya nyota na reli haihitaji bando wala intaneti, inapita kwenye mtandao wa simu wa kawaida. Ndiyo maana mama aliyeko Kibosho kwenye migomba analipa rejesho lake bila kushuka mjini. Ubaya wake ni kwamba mazungumzo hayo ni ya papo kwa papo: ukichelewa kubonyeza yanakatika, na hayabaki popote kwenye simu. Kinachobaki ni meseji ya kuthibitisha. Pili, kabla ya kutuma jina la mpokeaji linatokea. Nimeona hilo likizuia hela kwenda kwa mtu mwingine zaidi ya mara tatu.

Kuna huduma zilizotengenezwa kwa ajili ya vikundi kabisa. M-Koba, kwa mfano, ilianzishwa 2019 na Vodacom pamoja na benki ya TPB, ambayo sasa ni TCB. Hela haikai kwenye laini ya mtu mmoja. Ili itoke viongozi lazima waidhinishe, na wanachama wanapata meseji. Hapa kitochi kinalijibu swali langu vizuri, maana bibi hata asiposoma meseji, simu yake inalia. Simu ikilia bila kikao kuitishwa, anamwita mjukuu: "Hebu nisomee hiki, hela yetu inaenda wapi?"

Sasa hasara, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo vikundi vingi vinaumia.

Mahudhurio yanashuka. Sisi tulipoanza kupokea marejesho kwa simu, ndani ya miezi miwili kikao cha watu 25 kilikuwa cha watu 11. Wengine walikuwa wameshatuma, wanakuja kufanya nini? Lakini mkopo unapitishwa kikaoni, na watu 11 wakipitisha mkopo wa mtu wa kumi na mbili, wale kumi na watatu waliobaki wana la kusema baadaye. Tulilazimika kuweka faini ya kutohudhuria hata kwa aliyelipa.

Makato. Kutuma kuna gharama, kutoa kuna gharama, na viwango havikai mahali pamoja. Julai 2021 serikali iliongeza tozo kwenye miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa. Kelele zikawa nyingi, na Septemba mwaka huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Imeshabadilishwa tena baada ya hapo. Kikundi kilichokuwa kimepanga mwaka mzima kwa viwango vya Juni kilijikuta kinagawana pungufu bila mtu yeyote kuiba. Andikeni kwenye katiba yenu ni nani anabeba makato: mwanachama au mfuko. Msipoandika mtagombana, na kila upande utakuwa na haki.

Na Desemba. Asiyeishi Moshi hawezi kulielewa hili. Kuanzia katikati ya mwezi Wachagga wa Dar, Arusha, Mwanza na kwingineko wanarudi nyumbani, mji unajaa, na vikundi vyote vinavunja sanduku wiki hiyo hiyo ili watu wanunue mbuzi na nguo za watoto. Mwaka mmoja tulipanga kutoa milioni tatu tugawane mkononi. Wakala wa kwanza hana noti, wa pili ana laki mbili, wa tatu amefunga ameenda kwao Rombo. Nilizunguka na mweka hazina kutoka stendi mpaka Majengo, mkoba kifuani kama mtoto mchanga. Siku hizi tunamtumia kila mtu fungu lake kwenye simu yake, atajitolea mwenyewe akitaka, na wanaotaka noti wanasema wiki mbili kabla.

Matapeli sitawaeleza sana, maana "ile hela nitumie kwenye namba hii" kila mmoja ameshaipata. Meseji za hivyo zitumeni kwenda 15040. Na kiongozi anayeshika laini apige *106# mara moja moja aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, akikuta asiyoijua aende akaifute.

Simu janja

Nakiri naipenda. Jedwali la hesabu linajumlisha lenyewe, namba nane haina tumbo la kuchanganya, na riba ya watu 25 inatoka kabla chai haijapoa. Ukitumia jedwali la mtandaoni, kama Google Sheets, linaweka historia ya nani alibadilisha nini na lini. Faili la kawaida lililohifadhiwa kwenye simu halina kumbukumbu hiyo: mtu anafuta 60,000, anaandika 40,000, anahifadhi, na hakuna alama. Kwenye kaunta buku hata aliyepaka karekshoni anaonekana. Kama mtatumia jedwali, hilo la mtandaoni ndilo, na viongozi watatu wawe na uwezo wa kulifungua.

Lakini kumbukeni swali langu. Kikao cha kwanza nilichokiendesha kwa simu nilikuwa nimejiandaa kweli. Rangi ya kijani kwa waliolipa, nyekundu kwa wanaodaiwa. Nikaizungusha simu mkono kwa mkono. Ilipomfikia bibi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, kidole kikagusa pembeni na jedwali likakimbilia safu nyingine. Akanirudishia. "Mwanangu, hiyo mimi siioni. Wewe sema tu, nakuamini."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu miaka minne alikuwa hajawahi kuniambia ananiamini. Alikuwa akihesabu.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nayo ilinifundisha. Nyaya mbili za baharini zinazoleta intaneti pwani hii ya Afrika zilikatika siku moja, nchi nzima ikawa inasuasua. Sikuwa nimeweka jedwali lifunguke bila mtandao, kosa langu mwenyewe. Watu 25 walikaa wanatazama kiduara kinachozunguka. Mwishowe tuliandika kwenye karatasi ya kufungia vitumbua, na nikaja kunakili usiku. Kitochi kiliendelea kama kawaida, maana hakikuwa na habari na bahari. Miezi michache kabla ya hapo, kwenye mgao wa umeme wa mwisho wa 2023 hadi mwanzo wa 2024, shida ilikuwa chaji: simu janja ya siku moja na nusu kwenye mtaa unaopata umeme kwa zamu.

Kuna jambo la aibu za watu pia. Kundi la WhatsApp la kikundi ni zuri kwa matangazo ya kikao na misiba. Ila mtu akishaweka humo orodha ya wanaodaiwa, imetoka mikononi mwenu. Skrinshoti ya deni la mwanachama wetu ilifika kwa mama mkwe wake Machame kabla yeye hajafika nyumbani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila sheria, mama yule alijitoa kwenye kikundi na hakurudi.

Mahali ambapo simu janja haina mpinzani ni pale kikundi kinapotaka kutambulika nje. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inaviweka vikundi kama vyetu daraja la nne na kuvitaka visajiliwe. Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, maombi yake sasa yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni. Hapo kitochi hakifui dafu. Mtahitaji kupiga picha katiba, muhtasari na vitambulisho, na kuvipandisha. Lakini hiyo ni kazi ya siku chache kwa mwaka. Mnaweza kuifanya kwa simu ya mwanachama au steshenari ya pale mjini kwa elfu chache.

Kompyuta mpakato nimeulizwa pia, na mimi siiingizi kwenye mashindano. Mwaka 2005, kwenye mkutano wa Tunis, dunia ilionyeshwa kompyuta ya dola 100 kwa kila mtoto wa nchi zinazoendelea. Bei haikushuka hadi hapo. Peru iligawa mamia ya maelfu, na tathmini iliyotolewa 2012 haikuona wanafunzi wakipanda katika hisabati wala lugha. Kwa kikundi cha watu 25 cha sokoni, mpakato ni kitu cha kuibiwa.

Sasa mchague kipi?

Kama ni wapya, au wengi wenu hawasomi kwa wepesi, anzeni na kaunta buku na vitabu vidogo vya mihuri, mwaka mzima, bila haraka. Mkiwa hamjazoea kuulizana hela uso kwa uso, simu itawasaidia kukwepana tu.

Kama sanduku linafika milioni mbili na kuendelea, au wanachama wamesambaa kati ya mjini na mlimani, ongezeni huduma ya kikundi ya kwenye kitochi kwa ajili ya kuweka na kutuma hela. Nasema ongezeni. Meseji ni shahidi wa pili, daftari linabaki kuwa kitabu cha kikundi, na kila muamala wa simu unasomwa kikaoni na kuandikwa. Chagueni mtandao ambao wengi wenu wana laini yake na wakala wake yuko karibu, hata kama mwingine una makato madogo zaidi.

Simu janja ya kikundi msiinunue kabla hamjawa na watu watatu wanaoweza kuitumia na wasiotoka nyumba moja. Mmoja akiwa peke yake, hamjanunua simu, mmemnunulia katibu kiti cha enzi. Nasema hivyo mimi katibu. Na simu ya kikundi inayolala kwangu, Jumatatu itakuwa na michezo ya mtoto, Jumatano kioo kimepasuka, na nani atalipa?

Wale akina mama wa Mbuyuni nilipitia kwao wiki mbili baadaye kununua mkungu wa ndizi mshare. Walikuwa wamenunua kaunta buku mbili, moja ya kikao na moja ya kunakilia, na wamefungua akaunti ya kikundi kwenye simu. Kijana wa mwenyekiti naye wamempa kazi: kila mwisho wa mwezi anakuja na simu yake, anapiga picha kurasa za mwezi huo, anazituma kwa viongozi watatu, anazifuta kwake mbele yao, halafu anapewa chai na chapati. Mkubwa wao aliniambia wanataka picha ziwe na mwanga mzuri, kwa hiyo sasa wanaandika kwa wino mweusi. Kisha akanipunguzia elfu mbili kwenye mkungu.